Cantaba, cantó, estaba cantando au solía cantar? Ulinganisho kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Marta aliimba. Kwa Kiswahili sentensi hiyo inajitosheleza. Inafaa kama aliimba jana usiku mara moja, na inafaa pia kama aliimba kila Jumapili kwa ujana wake wote. Msikilizaji ataokota maana kutoka kwenye mazungumzo. Kihispania hakikupi nafasi hiyo. Ukiandika Marta cantó umelifunga jambo, limekwisha. Ukiandika Marta cantaba umeliacha wazi, na msomaji anakaa akingoja asikie kitu gani kilitokea wakati anaimba. Atakuelewa kwa ulichoandika, si kwa ulichokusudia.

Insha yangu ya kwanza ya Kihispania ilikuwa juu ya utoto. Niliandika ukurasa mzima kwa jugué, corrí, comí, dormí (nilicheza, nilikimbia, nilikula, nililala), kwa sababu hayo ndiyo maumbo niliyokuwa nimeyakariri kwa jasho. Mwalimu aliisoma hadi mwisho, akaniuliza kwa upole: "Kwa hiyo utotoni ulicheza mara moja tu?" Swali hilo lilinifungua macho kuliko jedwali lolote la vitenzi. Tangu hapo nimekuwa nikiamini kwamba shida yetu kubwa katika Kihispania cha wakati uliopita inatokana na kiambishi chetu kimoja, -li-, ambacho kinabeba mizigo miwili bila kulalamika. Na dawa yake tunayo wenyewe, kwa sababu Kiswahili kina -ka-, kina -ki- na kina -me-, na hivyo vitatu vinajua tofauti ambayo -li- inaificha.

Maumbo manne yanagombea nafasi ya ile "aliimba": imperfecto (cantaba), indefinido (cantó), estaba pamoja na gerundio (estaba cantando), na solía pamoja na kitenzi kisichobadilishwa (solía cantar). Sijagusa ha cantado (ameimba) hapa. Umbo hilo lina ugomvi wake na indefinido, na matumizi yake yanatofautiana sana kati ya Uhispania na nchi za Amerika.

Tutayapima kwa vigezo gani

Kila umbo nitaliuliza mambo yale yale. Umbo lenyewe: ni kazi kiasi gani kulibadili kutoka nafsi hadi nafsi? Macho: linatuonyesha tendo zima, mwanzo wake na mwisho wake, au linatuingiza katikati yake? Jirani wa Kiswahili: ukiliwaza kwa lugha yako, linafanana na nini? Mtego: wanafunzi wengi wanajikwaa wapi? Na mwisho, linamfaa nani.

Neno moja kuhusu majina, maana yanachanganya watu. Vitabu vya Uhispania huita cantaba pretérito imperfecto, na cantó huitwa pretérito indefinido au pretérito perfecto simple. Ukishika kitabu cha Mexico utakuta copretérito na pretérito. Jina copretérito linatoka kwa Andrés Bello, mwanasarufi mzaliwa wa Caracas, aliyelitumia katika sarufi yake ya mwaka 1847. Mimi nalipenda kuliko lile jingine. Imperfecto linasikika kama kitenzi chenye kasoro, lakini copretérito linakwambia kazi yenyewe: tendo lililokuwa likiendelea sambamba na jambo jingine lililopita.

Imperfecto: cantaba

*Umbo.* Hapa ndipo Kihispania kimetuonea huruma. Kwa vitenzi vya -ar unatoa -ar na kuweka -aba. Kwa vya -er na -ir unaweka -ía, na makundi hayo mawili hayatofautiani hata kidogo.

cantar: cantaba, cantabas, cantaba, cantábamos, cantabais, cantaban
comer: comía, comías, comía, comíamos, comíais, comían
vivir: vivía, vivías, vivía, vivíamos, vivíais, vivían

Vitenzi vinavyoasi ni vitatu katika lugha nzima: ser (era, eras, era, éramos, erais, eran), ir (iba, ibas, iba, íbamos, ibais, iban) na ver (veía, veías, na kuendelea), pamoja na vile vilivyozaliwa na ver kama prever. Vingine vyote vinatii. Hata vile vinavyokusumbua katika wakati uliopo vinatulia hapa: pienso lakini pensaba, duermo lakini dormía, pido lakini pedía, tengo lakini tenía. Wanaosema vos kwa maana ya "wewe", kama watu wa Buenos Aires, wanatumia cantabas ile ile ya tú, "wewe" ya wengine. Umbo la vosotros (ninyi), cantabais, utalihitaji ukiwa na watu wa Uhispania. Amerika yote inasema ustedes cantaban.

Alama ya mkazo uiheshimu. Katika -ía ipo kwa nafsi zote, na inakwambia utamke silabi mbili: co-mí-a. Katika -aba inatokea mahali pamoja tu, cantábamos.

*Macho.* Imperfecto inatuweka ndani ya tendo. Hatuoni lilipoanza, hatuoni lilipoisha, na haituhusu. Kwa hiyo ndilo umbo la mandhari (llovía, hacía frío), la umri na saa (tenía ocho años, eran las tres), la sura na tabia (era alta, llevaba gafas), la mazoea (los domingos cantaba), na la tendo lililokuwa likiendelea jambo jingine lilipoingia. Hadithi za watoto zinafunguliwa nalo: había una vez, hapo zamani za kale palikuwa na. Watoto wenyewe wanalitumia wanapogawana nafasi katika mchezo: yo era la reina y tú eras el médico, mimi nilikuwa malkia na wewe ulikuwa daktari, ingawa mchezo ndio kwanza unaanza.

*Jirani.* Alikuwa akiimba, alikuwa anaimba. Ukiweza kuiweka "alikuwa aki-" mahali pa "ali-" na sentensi ikabaki na maana uliyoitaka, imperfecto inakuita. Kuna jirani wa pili ambaye vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wengine haviwezi kukutajia: alikuwa a-me-. Sisi hali tunaisema kwa -me-. Alikuwa amechoka, alikuwa amesimama, alikuwa amevaa kofia, alikuwa amelala. Macho yetu ya sarufi yanaona -me- na kudhani jambo limekamilika, kisha mkono unaandika indefinido. Lakini mtu aliyekuwa amevaa kofia bado anayo kichwani katika picha ile. Kihispania kinasema llevaba un sombrero, estaba cansado, estaba de pie, dormía. Zote imperfecto. Tofauti inaonekana kwenye alikuwa ameshakula: hapo kula kumekwisha kabla, na Kihispania kinasema había comido. Na había yenyewe ni imperfecto ya haber, kwa hiyo ukizijua -ía zako umeshajipatia wakati mwingine mzima bila kuongeza jasho.

*Mtego.* Yo cantaba, ella cantaba, usted cantaba: umbo moja, watu watatu. Kiswahili hakijawahi kutuweka katika hali hiyo, maana ni- na a- haziwezi kupotea, na ndiyo sababu tunasahau. Tumezoeshwa kwamba Kihispania kinaacha viwakilishi. Katika imperfecto virudishe kila nafsi zinapokaribiana. Ukiandika Cuando cantaba, Marta lloraba, msomaji hajui aliyekuwa akiimba ni wewe au ni Marta. Cuando yo cantaba, Marta lloraba, na jambo limenyooka.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi: kudhani kwamba imperfecto ni ya mambo yaliyochukua muda mrefu. Sivyo. Vivió treinta años en Sevilla ni indefinido, ingawa miaka thelathini ni umri wa mtu mzima, kwa sababu miaka imehesabiwa na kufungwa. Na llamaba a la puerta cuando lo vi ni imperfecto, ingawa kubisha mlango hakuchukui hata dakika. Kinachoamua ni kama mipaka ya tendo imo kwenye picha.

*Linamfaa nani.* Anayeeleza, anayekumbuka, anayechora mazingira. Na anayeanza kujifunza, kwa sababu umbo lake utalimiliki kwa siku mbili tatu za mazoezi. Ila nakuonya: wepesi wa umbo usikudanganye kuhusu matumizi.

Indefinido: cantó

*Umbo.* Mambo yanageuka. Vile vinavyotii ni canté, cantaste, cantó, cantamos, cantasteis, cantaron, na comí, comiste, comió, comimos, comisteis, comieron. Hapo hakuna neno. Tatizo ni kwamba vitenzi unavyovihitaji zaidi ndivyo vinavyoasi: tuve, estuve, hice, dije, pude, puse, quise, supe, vine, traje. Ser na ir vinagawana umbo moja, fui, na vinatenganishwa na sentensi tu. Dormir na pedir navyo vinabadilika nafsi ya tatu: durmió, pidió.

*Macho.* Tendo zima, kama kitu ulichokishika mkononi. Lilianza, likaisha, likapisha linalofuata.

*Jirani.* Huyu ni -ka-. Akaingia, akaketi, akasema: entró, se sentó, dijo. Sijui mlango mwingine mwepesi kama huu wa kuingilia indefinido, na huwa nasikitika nikiona mwanafunzi anakariri orodha za ayer, anoche, el año pasado (jana, jana usiku, mwaka jana) huku -ka- imekaa kinywani mwake tangu hadithi za kwanza alizosimuliwa. Swali ni hili: je, tendo hili linasukuma kisa mbele? Kama lingeweza kuvaa -ka- katika mfululizo, ni indefinido. Bila shaka si kila indefinido inavaa -ka-. Alizaliwa mwaka 1950 haivai, na bado ni nació en 1950. Lakini jaribu jirani wa upande wa pili: "alikuwa akizaliwa mwaka 1950". Sikio lako limekataa. Basi, nació.

*Mtego.* Mkazo. Canto ni naimba. Cantó ni aliimba. Hablo, habló. Ukikosa kuusukuma mkazo mwishoni umebadili nafsi na wakati kwa mara moja. Cantamos haina msaada huo: ni tunaimba na ni tuliimba, na maneno ya jirani ndiyo yanayoamua.

Kisha kuna maneno ya wakati yanayosaliti. Wanafunzi wengi wamefundishwa kwamba siempre (daima) inaleta imperfecto. Siempre quiso ser médica, daima alitaka kuwa daktari, ni sentensi safi kabisa: maisha yake yote yametazamwa kwa mara moja. Hesabu nayo ina hila. Fui tres veces a Lima, nilikwenda Lima mara tatu, safari zimehesabiwa, zimekwisha. Iba a Lima tres veces al año, nilikuwa nikienda Lima mara tatu kwa mwaka. Hapa tatu ni kipimo cha mazoea, na hatujui miaka mingapi.

*Linamfaa nani.* Msimulizi wa matukio, mwandishi wa wasifu, yeyote anayejibu swali "kisha ikawaje?"

Estaba cantando

*Umbo.* Unabadili kitenzi kimoja tu, estar, nacho kinatii: estaba, estabas, estaba, estábamos, estabais, estaban. Kinachofuata hakibadiliki kwa nafsi: cantando, comiendo, viviendo. Vichache vya kuangalia ni durmiendo, pidiendo, diciendo, leyendo na yendo.

*Macho.* Yanafanana na ya imperfecto lakini yamesogea karibu sana. Picha imelenga dakika ile. ¿Qué estabas haciendo cuando se fue la luz? Ulikuwa unafanya nini umeme ulipokatika?

*Jirani.* Alikuwa anaimba, pale pale, wakati ule. Kwa tendo linaloendelea, estaba cantando na cantaba mara nyingi zinaweza kubadilishana bila hasara, na katika mazungumzo ya kila siku ile ndefu utaisikia sana: estaba lloviendo kuliko llovía. Lakini kwa mazoea hazibadilishani. De niña cantaba en el coro ina maana alikuwa mwanakwaya. De niña estaba cantando en el coro inamwacha msikilizaji akingoja kitu ambacho hakiji.

*Mtego.* Tuna tabia ya kuitumia kila tunapowaza "alikuwa ana-", hata kwa vitenzi vya hali. Alikuwa anajua ni sabía, hakuna estaba sabiendo. Tenía, era, parecía, vyote vinakaa kwenye imperfecto ya kawaida. Halafu kuna miili: alikuwa ameketi ni estaba sentado. Ukisema estaba sentándose umesema alikuwa anaketi, bado hajafika kwenye kiti. Kwa bahati njema Kiswahili kinatenga hayo mawili vizuri, ukisikiliza -me- na -na- hutakosea.

*Linamfaa nani.* Anayezungumza zaidi ya kuandika, na anayehofia mkanganyo kati ya "alikuwa akiimba" na "alikuwa na kawaida ya kuimba". Estaba cantando haina utata huo.

Solía cantar

Hili nitalipita haraka, maana kazi yake ni moja. Solía, solías, solía, solíamos, solíais, solían, kisha kitenzi kama kilivyo kwenye kamusi. Linasema mazoea, basi. Jirani wake ni alikuwa na kawaida ya kuimba. Hu- yetu ya mazoea (huimba) peke yake haina njia ya kurudi nyuma wakati uliopita, na pengine ndiyo maana watu wanaokutana na solía wanaipenda kupita kiasi. Hapo ndipo mtego ulipo: aya yenye solía nne inachosha. Iweke mara moja mwanzoni, kisha imperfecto ibebe zilizobaki. Solíamos pasar los veranos en Granada. Dormíamos con las ventanas abiertas y cenábamos tarde. Pia usiipe soler tukio la mara moja, na usitafute indefinido yake. Kwa kawaida haitumiki. Linamfaa anayetaka kuweka wazi kwamba jambo lilikuwa desturi, hasa pale imperfecto peke yake ingeweza kusomwa kama tendo la dakika ile.

Yatazame yakiwa kazini

Hiki hapa kisa kifupi nilichokitunga:

Aquella tarde llovía. Marta leía junto a la ventana. De pronto alguien llamó a la puerta. Ella se levantó, abrió y no vio a nadie.

Kwa Kiswahili cha msimulizi: Jioni ile mvua ilikuwa ikinyesha. Marta alikuwa akisoma kando ya dirisha. Ghafla mtu akabisha hodi. Akainuka, akafungua mlango, asione mtu.

Angalia jinsi lugha mbili zisizo na undugu zinavyokata kisa mahali pale pale. Ikinyesha, akisoma: llovía, leía. Akabisha, akainuka, akafungua: llamó, se levantó, abrió. Hata "asione mtu", ambayo ndiyo namna yetu ya kukanusha mfululizo wa -ka-, imeangukia kwenye indefinido, no vio. Sasa rudia kisa hicho kwa -li- tupu: mvua ilinyesha, Marta alisoma, mtu alibisha hodi, aliinuka, alifungua. Kinaeleweka, lakini mandhari na matukio yamelala kitanda kimoja. Mtu anayetafsiri kutoka kwenye toleo hilo atakuwa anabahatisha. Kwa hiyo kabla hujatafsiri, lisimulie kwanza kwa Kiswahili chenye -ka- na -ki-, kwa sauti, kisha andika.

Badilisha neno moja tu uone. Ukiandika se levantaba badala ya se levantó, Marta anabaki amening'inia kati ya kiti na mlango, na msomaji anataka kujua nini kilimzuia. Chukua pia sentensi hizi tatu. Cuando llegué, Marta cenaba: nilipofika alikuwa akila. Cuando llegué, Marta cenó: nilipofika, ndipo akala. Cuando llegué, Marta ya había cenado: nilipofika alikuwa ameshakula. Kufika kwangu ni kule kule, chakula ni kile kile. Katika ya kwanza nimemkuta mezani, katika ya pili nimengojewa, katika ya tatu sikungojewa.

Vitenzi ambavyo uchaguzi unabadili maana

Kwa vitenzi vya hali, indefinido huonyesha mara nyingi pale hali ilipoanza au ilipofikia tamati yake, na Kiswahili kinalazimika kutafuta kitenzi kingine kabisa. Sabía la noticia, nilikuwa naijua habari; supe la noticia, nilipata habari. Conocía a tu hermana, nilikuwa namfahamu dada yako. Conocí a tu hermana en Granada, nilikutana naye mara ya kwanza Granada. Tenía una idea, nilikuwa na wazo. Tuve una idea, wazo likanijia. Podía abrir la puerta, nilikuwa na uwezo wa kuufungua, labda sikuufungua. Pude abrirla, nilifanikiwa. No quería venir, hakutaka kuja, na pengine alikuja hivyo hivyo. No quiso venir, alikataa. El enfermo se moría ni mgonjwa aliyekuwa taabani, na bado tunaweza kumwombea. Se murió hairudi nyuma.

Kuna mahali Kiswahili hakitusaidii, lazima niseme. Neno letu ilikuwa, nilikuwa, linabeba era na fue, estaba na estuve. Nilikuwa Madrid siku mbili: estuve en Madrid dos días. Nilikuwa Madrid uliponipigia simu: estaba en Madrid cuando me llamaste. Sherehe ilikuwa nzuri: ukiihukumu yote baada ya kwisha, fue bonita. Nyumba ilikuwa nzuri, ukimwelezea mtu mandhari ya kisa: era bonita. Palikuwa na nyumba ni había una casa, ilhali kulitokea ajali ni hubo un accidente. Hapa -ka- na -ki- ziweke kando, ujiulize kama unatoa hukumu juu ya jambo lililokwisha au unachora picha ambayo wahusika bado wamo ndani yake.

Sasa, kwa hali yako

Kama ndiyo kwanza unaanza na una wiki chache, kariri imperfecto yote, maana ni kazi ndogo, lakini gawa muda mwingi zaidi kwa indefinido zinazoasi. Ukizungumza kabla hujaziweza, estaba na gerundio itakuvusha katika maelezo ya "nilikuwa nafanya nini". Haitakuvusha katika matukio.

Kama unaandika kumbukumbu za utoto, za shule, za babu na bibi: imperfecto ndiyo sakafu ya insha. Solía moja mwanzoni inapendeza. Kisha, utakapofika kwenye "siku moja" (un día), hamia indefinido bila kusita, kwa sababu kuanzia hapo una kisa cha kusimulia, na ukishakimaliza unarudi kwenye mazoea.

Kama umeitwa kueleza tukio uliloshuhudia, yapange mawili kwa makini: kila mtu alikuwa anafanya nini (estaba cruzando, estaba hablando), na nini kilitokea (chocó, cayó, gritó). Kosa hapa si la alama za mtihani. Cruzaba la calle ni alikuwa anavuka. Cruzó la calle ni alivuka, alifika ng'ambo.

Kama una mtihani karibu, usihangaike sana na orodha za maneno ya wakati. Zipitie, lakini katika kila pengo jaribu "alikuwa aki-" na -ka-, na kwenye ser na estar jiulize swali la hukumu na picha. Kagua pia viwakilishi penye nafsi ya kwanza na ya tatu, na alama za mkazo kwenye -ía na kwenye cantó.

Kama kazi yako ni tafsiri, shuku kila -li- uliyoiona. Iandike upya kwa Kiswahili kabla hujaigusa kwa Kihispania.

Na kama unachotaka ni kuomba jambo kwa adabu, dukani, ofisini au kwa mwalimu, hapo hakuna wakati uliopita hata kidogo na bado imperfecto ndiyo yako. Sisi tunasema "nilikuwa nataka kukuuliza" tukiwa tumesimama mbele ya mtu na swali mdomoni. Wao wanasema quería preguntarle una cosa, na ukilisema hivyo, kwa quería yenye silabi zake tatu, utajibiwa vizuri.